Aliyegusa Nati

Mume wangu ni seremala, na hawezi kukaa kwenye kiti bila kukitikisa kwanza. Hata siku ya posa aliinama chini ya meza ya baba yangu, akaikagua miguu yake, ndipo akakumbuka kilichomleta. Kwa hiyo aliponiambia anataka kwenda kwenye mkutano wa mashabiki wa sarakasi, eti kuangalia tu jinsi hema lilivyosimamishwa, nilijitia hamnazo nikampigia shati pasi.

Hema halikuwa na lolote la kumtoa nyumbani. Kifungua mimba wetu anaruka kwenye bembea za juu za hema hilo. Miaka sita iliyopita, aliposema anaacha kazi ya ofisini aende sarakasi, baba yake alimwambia asikanyage mlangoni petu mpaka achoke kuning'inia kama popo. Binti hakuchoka, na mzee hakulirudisha neno lake. Mimi nilikuwa nikiongea na mwanangu kwa simu kila Jumapili, nimejifungia jikoni, na kila Jumapili mzee alipita nje ya mlango mara tano akitafuta kitu ambacho mwenyewe hakijui. Sasa kundi lilikuwa limekuja mjini kwetu. Kesho yake wangepanda ndege, na mkataba wa huko waendako ni wa miaka miwili. Mzee alikuwa na mchana mmoja tu wa kujirekebisha, na wote wawili tulilijua hilo bila kulisema.

Mkutano ulikuwa nyuma ya pazia, saa nane mchana, onyesho likiwa saa kumi. Kulikuwa na foleni ya watu sitini wakisubiri binti yetu awatilie saini picha zake: wasichana wa shule, kina mama wa makamo, na daktari mmoja wa meno aliyevaa fulana yenye picha ya mchekeshaji kifuani. Mchekeshaji mwenyewe alikuwa amekaa juu ya sanduku, nusu ya uso imepakwa rangi, anakula yai la kuchemsha. Bembea ilikuwa imeshushwa mpaka usawa wa vichwa vyetu ili mashabiki waione kwa karibu. Namba yetu ilikuwa arobaini na moja. Mzee alivaa suti yake ya harusi na misiba, na mimi nilitumia foleni nzima kumfundisha la kusema. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Zamu yetu ilipofika, binti aliinua macho. Sikuwa nimemwambia nakuja na nani. Alimtazama baba yake, akasema shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, halafu akayasahau yote niliyomfundisha. Nilimkanyaga mguu, akanipisha, akidhani nimekosa nafasi. Binti akauliza aandike jina gani kwenye picha, kwa sauti ileile aliyowauliza wale arobaini waliotangulia. Mzee akasema aandike "fundi". Akaandika. Daktari wa meno, aliyekuwa nyuma yetu, akatusogeza kwa kiwiko, na zamu yetu ikaishia hapo.

Nilikuwa na hasira ya kuweza kuchemsha maji. Nikageuka nimpe mzee vidonge vyake, nikakuta hayupo.

Alikuwa chini ya bembea. Alikuwa ameona nati moja, pale kamba inapoungana na chuma, ikicheza kidogo, na kwenye mfuko wa koti hakosi spana ndogo, hata misibani. Nilifika wakati anamalizia robo mzunguko. Uso wake ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Mchekeshaji aliacha kutafuna. Akapiga mluzi mmoja, na kila mtu nyuma ya pazia akasimama alipo. Kisha akatueleza kwa adabu kwamba katika kundi lao anayeruka ndiye anayekaza. Mkono mwingine ukigusa, uwe wa yeyote yule, kila kitu kinafunguliwa na kufungwa upya, hata kama nati sasa imekaa vizuri kuliko mwanzo. Mkutano ukasimamishwa. Mashabiki ambao hawajapata picha walitutazama kama wezi wa kuku.

Binti akaja na spana yake.

"Nani amegusa?"

Mzee angeweza kunyamaza. Kunyamaza anakujua sana. Akanyoosha mkono kama mwanafunzi. "Mimi. Ilikuwa inacheza."

"Inatakiwa icheze, Baba."

Akainamisha kichwa. Binti akafungua nati moja baada ya nyingine, akazipangusa, akazipanga kwenye kitambaa, akaanza kuzirudisha bila haraka. Mzee hakuondoa macho kwenye mikono ile. Mtazamo huo naujua, huutoa kwa mlango ambao fundi mwingine ameufunga vizuri, na hautoi mara nyingi.

Alipomaliza, binti akatangaza kwamba aliyegusa ndiye anayeijaribu bembea kwanza. Mpaka leo sijui kama sheria hiyo ipo. Mchekeshaji alikohoa akageukia upande mwingine.

Mzee akavua koti akanipa. Akapakwa unga mweupe viganjani, akashika bembea, ikapandishwa mpaka viatu vyake vikawa shubiri moja juu ya godoro. Shati nililolipiga pasi likachomoka lote. Binti akasimama mbele yake, amekunja mikono.

"Umekuja kuangalia nati?"

"Nimekuja kukuona wewe." Alikuwa anahema. "Lile neno nilikosea, mwanangu. Nililijua siku ileile. Uje nyumbani unapotaka, na ukitaka kuning'inia, ning'inia."

"Miaka sita, Baba."

"Najua. Nilikuwa naihesabu."

Binti akamdaka vifundo vya mikono, jinsi wanavyodakana wenyewe huko juu, akamshusha. Hakumwachia. Rangi yake ya uso ikabaki kwenye shati la baba yake, na mimi nililia nimekumbatia koti, sioni sababu ya kuficha.

Onyesho lilichelewa nusu saa. Tulipewa viti vya mbele, na mzee akakaa bila kukitikisa chake. Binti alipoanza kupanda ngazi ya kamba, mzee alificha uso begani kwangu, akanishika mkono, akaniomba nimwambie binti atakapofika bembea ya upande wa pili.

Binti akaachia bembea, akajizungusha mara mbili hewani, akadakwa. Hema zima likanguruma.

"Amefika?" mzee akauliza, macho ameyafumba.

Binti alikuwa ameshafika, amesimama kwenye kibao kule juu, anatupungia.

"Bado," nikamwambia. Miaka sita mimi nilisubiri. Na yeye nikaona asubiri kidogo.