Ordinateri Iliyolala Nyumba Nyingi

Katika mji wote wa Baraka, mwanamke wa kwanza kukaa na ordinateri, kompyuta kama wanavyosema Kigoma, ni mimi. Na ninaposema kukaa, ni kukaa kweli: niliikalia. Mukamwana wangu Nadège, mke wa mwanangu, alikuwa ameleta sanduku la chuma kutoka Uvira, akaliweka nyuma ya mlango, nami nikafikiri mtoto wa watu amenihurumia, ameniletea kiti. Nilikaa juu yake nikichambua sombe, majani ya mihogo, mpaka aliporudi kutoka shambani. Alisimama mlangoni, akanitazama, akasema polepole:

"Mama, uko nakalia akili yangu."

Ilikuwa wakati wa vita ya pili ya Kongo, barabara ya Uvira inafunguka leo na kufungwa kesho. Nadège alijifunza kupiga mashini ya kuandika kwa masista kule Uvira, kabla ya kuolewa na mwanangu Bertin. Alikuja kwetu na nguo chache na wazo moja kubwa: Baraka itapata ordinateri, na yeye ndiye ataijenga. Si kununua. Kujenga, kama watu wanavyojenga nyumba, leo matofali, mwaka kesho bati.

"Mi sikujua kama hii kitu banajengaka," nilimwambia.

"Banajengaka, Mama. Iko vipande."

"Na bei?"

"Bei nayo iko vipande."

Hakudanganya. Lile sanduku lilikula bidon zetu, yale madumu ya mawese. Mbuzi wetu alikwenda Uvira kwa miguu yake mwenyewe, ikarudi ekra, uso wa ordinateri unaoonyesha maandishi, juu ya kichwa cha mtu. Imprimanti, ile mashini inayotoa karatasi, ilitoka Bujumbura, na ndiyo sababu mpaka leo nalala juu ya mukeka. Disko, mahali ordinateri inaweka mambo yake yote, ilitoka Kigoma katika boti ya Swedi, mfanyabiashara wetu wa ziwani. Swedi alitaka gunia la ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Nadège alipomaliza kuanika ndagala wake, gunia moja lilikuwa halitoshi tena.

"Si mimi, dada," Swedi alisema. "Ni ziwa."

"Ziwa nalo limeanza kula ndagala kavu?"

"Ziwa halina shida. Shida ni bale banakaa pembeni yake na bunduki. Kila mahali nasimama, banafungua gunia banaonja."

Ungefikiri vipande vikifika kazi imekwisha. Disko ilipofika, ikataka memwari zaidi, kile kibao chembamba kama biskuti kinachokumbusha mashini jambo inalofanya. Memwari ilipopatikana, ikakataa kuingia katika sahani ya zamani, lile bao la ndani vinapochomekwa vipande vyote. Sahani mpya ilipokuja, ikasema umeme wa sanduku la zamani haiutaki. Nilimwambia Nadège: hii si mashini, hii ni wakwe. Ukipeleka mbuzi, wanauliza koti la mjomba. Ukipeleka koti, shangazi anakumbuka hajapata kitambaa. Na siku umekusanya vyote, wanakuambia bei ya mabinti imepanda.

Nadège alicheka mpaka akaweka chini turnevisi yake ya kufungulia misumari. Halafu akaiokota.

"Basi ntaioa tu, Mama."

Nimeona wanaume wa hapa wakifungua injini ya boti, wakaifunga, wakabaki na misumari mkononi wakiangaliana. Nadège hakubaki na kitu. Alipiga magoti pale chini, mtoto wake Shukuru mgongoni, kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada kando yake, akiweka kila msumari katika kisosi chake. Mtoto akilia, alimtikisa kwa mgongo bila mkono kutetemeka. Mimi niliishia shule ya msingi, na hata hiyo niliishia karibu na mlango, lakini kazi nzuri naijua nikiiona.

Sasa, ordinateri katika nyumba wakati ule ilikuwa kama kumwita fisi kwa jina. Wenye bunduki walichukua redio, walichukua baiskeli, walichukua cherehani ya Mama Georgette na uzi wake. Nadège akafanya kama tunavyofanya hapa vita ikikaribia: hatuweki mali yote chini ya paa moja. Unga kwa jirani, nguo za sikukuu kwa dada, ngoma kwa shemeji. Akaifungua ordinateri yake, akaigawa kwa bamama wa likelemba yetu ya soko, chama chetu cha kuchangiana pesa. Disko kwa Mama Saumu, ndani ya mchele. Ubao wa herufi kwa Georgette, chini ya godoro la mtoto, mahali palipokuwa na harufu ya kufukuza jeshi zima. Memwari kwa Mama Immaculée. Siku ya kazi, kila mmoja alikuja na beseni kichwani, sombe juu, kipande chini, na ordinateri ikazaliwa upya mbele ya macho yetu.

Mimi nilipewa ekra. Siku moja kijana mmoja wa bunduki aliingia, akafunua kitenge nilichoifunikia ekra, akaniita kama bibi yake.

"Koko, hii ni nini?"

"Kioo, mwanangu. Kinaonyesha muntu vile Mungu anamuona."

Aliinama. Katika ile giza ya kioo aliona uso wake mwenyewe, mweusi, bila macho. Alirudisha kitenge taratibu sana, akaniomba maji, akaenda zake.

Bertin, kwa kuwa ni mwenye nyumba, alipewa kamba nene inayounganisha ordinateri na imprimanti. Lakini Bertin alikuwa amechoka. Alitaka injini ya boti, na Swedi alikuwa amemwambia kwamba injini iko, akipewa mashini nzima atabadilisha. Jioni moja mbele yetu wote Bertin alisema: shule zikifungwa kabla ya kile kitu kutoa hata karatasi moja inayotafutwa na mtu, kinakwenda Kigoma.

"Karatasi moja?" Nadège aliuliza.

"Moja."

"Sawa, baba Shukuru."

Kesho yake alikwenda kumuona mwalimu Jérémie, mkuu wa shule ya msingi. Jérémie aliandika maswali ya mtihani ubaoni na kipande cha chaki, na watoto wa nyuma walinakili kutoka shingo za watoto wa mbele. Nadège alimwahidi maswali juu ya karatasi, moja kwa kila mtoto. Jérémie alileta karatasi siku ya mwisho kabla ya mtihani, maana ndiyo siku aliyozipata. Ikawa leo au Kigoma.

Tulikutana nyuma ya mashini ya kusaga mihogo, kwa sababu umeme ulitoka kwa groupe yake, ile jenereta. Bamama walishusha mabeseni. Mama Immaculée akafungua kitambaa chake, na ile memwari ilitoka nyeusi kama chungu, ikinuka moshi na samaki.

"Immaculée, uliifanya nini?"

"Niliitundika juu ya moto, pamoja na mahindi ya mbegu. Kitu ya bei inachungwa vile." Aliigeuza ili wote waone. "Angalia, hata fukusi moja haijaingia."

Nadège akaichomeka, akawasha mashini, na mashini ikalia, mlio mrefu, ikanyamaza, ikalia tena, kama mbuzi aliyesahauliwa kwenye mvua.

"Imekufa," Bertin alisema. "Muache ipumzike." Alisema kwa sauti ya msiba, lakini miguu yake ilikuwa tayari inaelekea ziwani.

"Haijakufa. Iko na njaa ya memwari." Nadège alinyoosha mkono. "Mwalimu, uko na gomu?"

Jérémie akampa gomu ya kufutia kalamu. Nadège alisugua meno ya kile kibao, akakirudisha. Kilio. Akakitoa, akasugua upande wa pili, akapuliza, akakisukuma na vidole gumba viwili mpaka kikasema ka. Mashini ikalia kifupi, mara moja, ikanyamaza. Ekra yangu ikapata nuru. Saumu alipiga vigelegele, na msaga mihogo akatoka nje mweupe wa unga kuuliza nani ameolewa.

Jérémie alisoma maswali, Nadège akaandika bila kuangalia vidole. Halafu akanyoosha mkono kwa mume wake.

"Kamba ya imprimanti."

"Balichukua," Bertin alisema.

"Banani?"

"Bale ba barrière, banafungaka barabara. Jana."

"Jana mvua ilinyesha mchana kutwa," Saumu alisema. "Barrière ilikuwa na bata tu."

"Basi ilikuwa juzi. Muntu hawezi kukumbuka kila siku anaibiwa."

Nadège aliangalia zile karatasi nyeupe, akaangalia jua. Kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumbani kwangu nilimwona amekosa la kufanya na mikono yake.

Mimi nilikuwa nikimwangalia mwanangu. Bertin hukaa kama gunia la unga lililoegemea ukuta. Siku ile alikaa wima, kama bwana arusi aliyeazima suruali.

"Mwanangu, mi nakuamini," nilisema. "Ila hawa bamama wana mashaka. Uape kama baba yako alivyoapa, yaishe. Simama. Mikono yote mbili juu."

"Mama, si lazima."

"Juu zaidi. Mungu iko mbali."

Watu wote walikuwa wanamwangalia. Alisimama, akanyoosha mikono kuelekea mbinguni, akaanza: "Mbele ya Mungu na mbele ya baba yangu..." Na shati ikapanda pamoja na mikono. Kamba ilikuwa imemzunguka kiunoni, nene, ya kijivu, na kichwa kipana cha kamba kikaning'inia nyuma kama mkia wa mbuzi.

Nadège alikwenda nyuma yake, akaanza kumfungua.

"Iyo ni mukaba ya suruali," Bertin alisema, mikono bado iko juu.