Mtu Ndani ya Jicho la Nzi

Daktari Nidia Arboleda alikuwa anakunywa kahawa yake ya saa nane mchana, ile inayopoa kila siku kabla hajaimaliza, alipomgeuza nzi chini ya hadubini akaona bonde la Las Garzas ndani ya jicho lake.

Nzi mwenyewe alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele, mweusi, na kichwa kipana kuliko kifua, kama walivyo wote wa ukoo wake. Kichwa hicho karibu chote ni macho. Nidia alimnasa kwa wavu juu ya bwawa jipya, kwenye mteremko ambao maji hayakuufikia, na alikwisha kuwa na hakika kwamba hakuna aliyewahi kumwelezea kitaalamu. Mishipa ya bawa ilikuwa na mpango wake. Sehemu za siri za dume, ambazo ndizo hutofautisha nzi hawa, zilikuwa na kijindoano ambacho hakuwahi kukiona kwa nzi mwingine yeyote. Yakabaki macho.

Alifuta lenzi. Bonde lilikuwepo bado: nyumba za udongo, kahawa imeanikwa uani, mzee mwenye kofia anapigilia misumari kwenye lango. Bonde hilo lilikuwa chini ya maji tangu Kwaresima. Nidia alimega arepa yake, mkate wa mahindi, akala, kisha akampigia simu Eufrosina Guapacha, mwanamke aliyezaliwa huko.

Eufrosina alifika Medellín kesho yake kwa basi la asubuhi. Alivua shali, akainama kwenye hadubini.

"Ni Belarmino," alisema. "Mume wangu. Tazama, hata leo lango hajalimaliza."

"Anakusikia, mama?"

"Alikuwa hanisikii tukiwa kitanda kimoja, mwanangu. Atanisikia nikiwa huku?"

Hata hivyo alimpungia mkono. Ndani ya jicho, mzee alivua kofia, akaivaa tena, akarudi kwenye misumari yake. Eufrosina akakaa pale mpaka jua la bondeni likageukia upande wa pili wa paa. Alipoinuka alikuwa na alama ya duara kuzunguka jicho, na mashavu yamelowa, lakini sauti yake ilikuwa kavu.

"Amekonda," alisema.

Belarmino Tapasco alikuwa amekataa kuhama bonde lilipojazwa maji. Kampuni iliyojenga bwawa ilitangaza kwamba Las Garzas ilikuwa ardhi tupu, na kwa kuwa hapakuwa na mkazi, hapakuwa na aliyezama. Eufrosina alizunguka ofisi zote. Kila alikokwenda alielezwa kwa adabu kwamba hawezi kuwa mjane wa mtu ambaye hakuwepo.

Nidia akaandika maelezo ya nzi. Aliandika urefu wa bawa, rangi ya miguu, umbo la kijindoano. Kuhusu macho aliandika kwamba yanakutana katikati ya uso, na kwamba ndani yake mna bonde lenye watu, akamtaja mzee, kofia na nyundo.

Mkurugenzi wa makumbusho ya wadudu alikofanya kazi Nidia, Octavio Zuluaga, alikuja ofisini kwa Nidia akitabasamu. Alifuatana na wakili wa kampuni, mwanamke mpole aitwaye Marcela Ibargüen.

"Dada yangu Nidia, hawa wanatujengea paa," alisema Zuluaga. "Wanaomba kitu kidogo tu. Nzi apewe jina la mwenyekiti wao."

"Mwenyekiti anajua nzi huyu anatambulikana kwa kitu gani?"

"Kwa kipi?"

"Kwa sehemu zake za siri. Nimezichora, zimejaa ukurasa mzima."

Zuluaga alijikuna shingo. "Basi hilo tusimwambie."

Wakili aliomba kutazama. Alitazama kwa utulivu, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga.

"Bonde zuri," alisema. "Yule mzee anashika nyundo vibaya."

"Kwa hiyo unamwona."

"Kwa nini nisimwone? Lakini nzi hana kitambulisho, Daktari, na mtu aliye ndani yake hana pia. Futa hiyo aya ya macho. Bawa linatosha."

"Wakili, nzi huyu ana unywele mmoja kwenye goti la nyuma. Nimeuandika. Unywele! Leo nimwone mtu mzima, nimruke?"

"Utapoteza kazi," alisema Zuluaga.

"Nitapoteza kiti. Kazi naondoka nayo."

Hadubini ilikuwa yake mwenyewe. Aliifunga kwa sweta, akamtia nzi kwenye kisanduku, akashuka ngazi. Maelezo aliyamalizia jikoni kwa Eufrosina, baina ya sufuria la maharage na redio, na jina akachagua la Belarmino.

Wataalamu walioyapitia kabla hayajachapishwa hawakuwa na pingamizi. Mmoja, wa Prague, aliuliza kama majike nao wana mtu. Nidia akanasa majike: kwao bonde lilionekana asubuhi, kwa madume alasiri. Akaongeza sentensi hiyo. Maelezo yakatoka, na nzi akawa spishi halali kila mahali nzi wanaposomwa.

Eufrosina akaishtaki kampuni, akayapeleka mahakamani kama ushahidi. Jaji alisoma yote, akaomba hadubini, akatazama kila jicho. Katika hukumu yake alikubali kwamba nzi ni mpya kwa elimu, na kwamba machoni mwake yumo mwanamume mwenye nyundo. Ila hakuona ushahidi wowote kwamba mtu aliyemo ndani ya jicho la nzi aliwahi kuishi nje yake. Kesi ikafutwa. Kampuni ikaweka picha ya nzi kwenye kalenda yake ya mwaka mpya, imekatwa chini ya macho.

Jumapili iliyofuata Eufrosina na Nidia walipanda mteremko na nyavu zao. Chini, boti za watalii zilikuwa zinazunguka bwawani na muziki. Mlinzi aliwazuia.

"Hairuhusiwi kukamata nzi hapa, mama."

"Nipeleke polisi basi," alisema Eufrosina. "Uwaambie umemkamata mjane wa mtu ambaye hakuwepo, anakamata nzi mahali pasipo na mtu. Uandike vizuri, wasije wakakucheka."

Mlinzi alifikiri. "Mnatafuta nini lakini?"

"Majirani. Wa kwangu nimeshampata. Mama Rosalba na mabinti zake bado."

Mlinzi akasogea pembeni. Maji ya bwawa hayakupungua hata kwa upana wa kidole. Eufrosina alikaza fundo la shali kiunoni, akaurusha wavu kwenye majani, akaubana mdomo wa wavu kwa mkono, na ndani yake kitu kikaanza kuvuma.