Manukato ya Kupima

"Usiniguse," bibi alisema, akaukunja mkono wake kifuani. "Wewe ni nani?"

Kitinda alirudi nyuma, begi la safari likiwa bado begani. Alikuwa amesafiri siku mbili kuja kumwona mama yake.

"Mama, ni mimi. Kitindamimba wako."

"Kitinda wangu yule pale." Bibi, ambaye macho yake yalikwishazima zamani, aligeuza uso upande wa mlezi aliyesimama na beseni la maji ya kuogea. "Harufu yake naijua. Usinifanye mjinga."

Mlezi aliinamisha kichwa. Siku hii alijua itakuja.

Jikoni, Kitinda alirudishia mlango taratibu. "Tangu lini unajifanya mimi?"

"Sikujifanya, dada." Mlezi alitua beseni, akashika kiuno. Hata hasira hakuwa nayo; ilikuwa imekwisha pamoja na nguvu. "Mama yako alikuwa hakubali kuoga. Ananikwaruza, analia, anashinda kwenye uchafu. Nami nikirudi kwangu, wanangu wananikwepa, eti nanuka dawa ya choo. Basi nikapita kwa muuza manukato, yule anayepima kwa bomba la sindano. Akaniambia hii ni ile ile ya matajiri, tofauti ni chupa tu. Nikapaka, nami nijione mtu."

"Halafu?"

"Asubuhi nilipomwinamia, akanusa. Akanyoosha mikono yote miwili. 'Umerudi, mwanangu.' Siku hiyo aliogeshwa kama mtoto mchanga, kimya. Nilimwambia mimi siye. Nilimwambia, nikarudia. Mwishowe nikachoka."

Kitinda alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Alivaa vizuri, lakini usoni safari ilikuwa imemchakaza.

"Hiyo ndiyo niliyokuwa nikipaka zamani; niliiacha siku nyingi," alisema. "Ilikuwa inaniumiza kichwa. Sikufikiri kwamba kwake mimi ndiyo ile harufu."

Mlezi aliutazama mkoba wake uliotundikwa mlangoni.

"Unayo hapo?"

Kichupa kilikuwa ndani ya mkoba, kidogo kama kidole gumba, hakina hata jina. Kitinda alifungua vifungo vya juu vya blauzi yake ya bei, akainua kidevu. Mlezi akampaka nyuma ya masikio, shingoni, na kwenye vifundo vya mikono.

"Inakaa?"

"Haikai, dada. Mwenzio huwa napaka tena mchana, akisinzia."

Kitinda alichukua beseni, akaingia chumbani peke yake.

Mlezi alitoka uani. Akafungua bomba, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, akajisugua shingo na mikono mpaka ngozi ikawaka moto. Mama mmoja hawezi kuwa na Kitinda wawili chumba kimoja.

Dirisha lilikuwa wazi.

"Umekonda," sauti ya bibi ilisema.

"Nimekonda kidogo, mama."

"Na leo mikono yako mizito. Jana ulikuwa unaniosha vizuri."

 Kisha maji yakasikika yakimwagika, polepole, kwa mkono usiozoea.

Mlezi aliketi kwenye kizingiti, matone yakimshuka kwenye viwiko. Hakuna aliyemwambia aende, wala aliyemwambia abaki. Alinyoosha miguu juani, akafumba macho, akasikiliza kama ataitwa.