Noti Saba za Mgeni

Jumanne, saa nne na robo asubuhi, Dada aliingia dukani kununua sabuni ya unga, chumvi na betri mbili za saa ya ukutani. Alipovuka mlango, muziki ukaanza. Zilitangulia nyuzi nzito, chini kabisa, kama mtu anayeburuta kabati ghorofa ya juu. Kisha ngoma ikagongwa kwa kidole, mara tatu, na filimbi ikapanda na kukatika. Noti saba tu. Mlinzi wa duka akaweka kikombe chake cha chai chini, akafuta midomo, akaanza kumfuata. Alimfuata hadi kwenye sabuni, akamfuata hadi kwenye chumvi. Dada aliposimama kusoma maandishi ya pakiti, muziki nao ulisimama, kisha ukaanza upya.

Nyumbani alimkuta mdogo wake kwenye kinanda, karibu na dirisha, amevaa visikizi.

"Wimbo wako umenifuata dukani," Dada alisema, akiweka chumvi mezani.

Mtunzi alivua visikizi. "Upi?"

"Ule wa polisi. Wa mgeni kuingia."

"Na filimbi?"

"Na filimbi."

"Ngoma mara ngapi?"

"Tatu."

"Basi ni ule wa msimu wa nne," Mtunzi alisema. "Mwanzoni zilikuwa nne, nikapunguza moja."

Walikuwa wamehamia nchi ile miaka kumi na mitano kabla. Mtunzi alifika na shahada ya utunzi wa muziki, karatasi nene yenye mhuri wa dhahabu, na kwa miaka mitatu akapiga piano katika ukumbi wa hoteli, nyuma ya vyungu vya maua, watu wakivua makoti. Siku moja mtayarishaji wa tamthilia ya polisi alikuja pale kumngoja mtu ambaye hakutokea. Alimsikiliza, akamwambia anahitaji sekunde kumi na moja za muziki, za mgeni anayeingia kwenye jengo.

"Mgeni yupi?" Mtunzi aliuliza.

"Yeyote. Kama wewe hivi. Sisemi kwa ubaya."

Aliuandika kwa nusu saa. Ilikuwa kazi nzuri, na hilo hakulikana kamwe, hata baadaye watu walipomtaka alikane. Tamthilia ilikuwa imefika msimu wa kumi na mbili. Kila msimu Mtunzi aliomba apewe kitu kingine: mapenzi, msiba, hata familia ikinywa chai. Kila msimu alijibiwa kwamba mapenzi yana mtu wake, na msiba una mtu wake. Muziki ule ulipopata tuzo, mtayarishaji alipanda jukwaani kuipokea. Mtunzi alipiga makofi kutoka meza iliyo karibu na mlango wa jikoni.

Tangu Jumanne ile ya dukani, mwezi haukuisha kabla wageni wote hawajawa na muziki. Daktari wa meno, aliyetoka upande uleule wa kina Mtunzi, alipoingia chumbani mwake wagonjwa walifunga midomo. Dereva wa basi aliliendesha basi lake huku nyuzi nzito zikilia kituo hadi kituo, na abiria wakikumbatia mikoba. Redioni watu walipiga simu kujadili kama sauti ipunguzwe. Mwenye nyumba alibandika tangazo kwamba wapangaji wenye muziki watumie ngazi za nyuma. Wenyeji waliingia popote kimya, kama siku zote. Hakuna aliyeuliza muziki umetoka wapi.

Dada alikuwa akipiga pasi mashuka katika hoteli ileile. Walimhamishia chini, chumba kisicho na dirisha, ili wageni wa hoteli wasisumbuke.

"Kwetu tuliambiwa mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema jioni hiyo, akikanda vidole vyake. "Huku mgeni njoo, mwenyeji aite polisi."

Kesho yake Mtunzi alikwenda kwa mtayarishaji. Alipoingia, muziki wake ulipigwa safi zaidi kuliko wa mtu yeyote, na katibu alimfungulia mlango kabla hajabisha.

"Uondoe," Mtunzi alisema.

"Siwezi. Noti saba ni mali ya kampuni, ulitia sahihi. Tena ni tangazo zuri, jiji zima linatutangaza." Mtayarishaji alimsogezea kiti. "Lakini umekuja wakati mzuri. Nina filamu. Kubwa. Mapenzi mwanzo hadi mwisho, na nataka uandike yote."

Mtunzi alikaa. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa na daftari la mapenzi chini ya kitanda.

"Kabla ya hapo kuna kazi ndogo," mtayarishaji aliendelea. "Msimu mpya una watoto wa wageni. Watoto bado hawana muziki, watazamaji wanachanganyikiwa. Noti tatu zinatosha. Vikengele labda."

Mtunzi alisimama. "Wa watu wazima niliuandika kwa mkono huu, na nitaubeba. Wa watoto siuandiki."

"Ataandika mwingine."

"Na aandike."

"Na filamu?"

"Filamu ina mtu wake," Mtunzi alisema, akatoka.

Mwingine aliandika. Wiki sita baadaye binti wa Dada, mwenye miaka tisa, alirudi kutoka shule na vikengele vitatu vikilia juu ya kichwa chake. Mwalimu alikuwa amemwambia akae mwisho wa darasa, mlango ukiwa wazi.

"Mama mdogo, umeniandikia wewe?"

"Hapana. Nilikataa."

"Basi mbona ninao?"

Mtunzi alimvua mtoto begi la shule, akampa chai na mkate, akaenda kukaa kwenye kinanda bila kukigusa. Alikuwa amejisifu moyoni kwa kukataa kwake kwa wiki sita nzima. Sasa aliona kwamba kukataa kulimsafisha yeye tu, na mtoto amekaa mlangoni kwenye baridi.

Kisha akapiga zile noti saba polepole. Ya saba ilikuwa inaning'inia. Aliifanya hivyo makusudi, kwa sababu kwenye tamthilia hapo ndipo mlango hufunguka na muziki hukatwa. Hakuna aliyewahi kumuuliza kingefuata nini. Akaandika kilichofuata: noti kumi na nne, za mwendo wa mtu anayetembea kifua mbele, rahisi kuimbwa hata na asiyejua kuimba, maana Dada hakujua.

"Saba ni zao," alimwambia Dada. "Ya nane ni yetu."

Walijifunza kule chini, kwenye chumba cha pasi, wapiga pasi na waosha vyombo, mvuke ukiwapanda usoni. Daktari wa meno alikuja kwa miguu baada ya kazi. Dereva wa basi alikuwa na sauti iliyotetemesha rafu za mashuka. Mtoto alivitafutia vikengele vyake mwisho yeye mwenyewe na hakutaka kusaidiwa.

Dada alikuwa na miadi katika ofisi ya vibali vya ukaazi, kwa mara ya saba. Ukumbini kulikuwa na viti vya plastiki, tangazo la kukataza chakula, simu na kutema mate, na watu tisini wenye namba mkononi, wakiwemo wenzake wa chumba cha pasi. Muziki wa kila mmoja ulikuwa umeanza kwa wakati wake, kwa hiyo ilikuwa kelele tu. Dada alingoja noti yake ya saba. Ilipokatika, akasimama akaimba ya nane. Ilitoka chini kidogo, lakini ilitoka. Dereva wa basi akaishika, daktari wa meno akafuata, na wapiga pasi wakaleta zilizobaki. Kufikia mara ya nne ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Mlinzi wa ofisi alikwenda kusoma tangazo, hakukuta kuimba, akarudi mahali pake.

Karani aliita namba ya Dada.

"Mmeimba vizuri," alisema nyuma ya kioo. "Picha zako masikio hayaonekani. Rudi Alhamisi."

Mara sita Dada alikuwa amesema asante na samahani. Sasa alishika ukingo wa dirisha.

"Masikio ninayo. Niandikie kwa karatasi kwamba hamkuyaona."

Karani alifikiri, akaandika, akatia sahihi.

Alhamisi walirudi mia mbili, wengine wasio na miadi. Mtunzi alisimama katikati ya viti akihesabu mpigo kwa kidole. Picha za Dada zilionyesha masikio mawili, makubwa ya kutosha. Karani aliyakubali, akachukua alama za vidole, akakuta kazi ya kupiga pasi imezifuta.

"Bila alama hatukujui. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu tutakuja na sauti ya tatu," Dada alisema.

"Iwe nzito," karani alisema. "Huku dirishani sauti za chini hazisikiki." Akavuta fomu, akangoja wimbo wa ukumbi ufike mahali alipopataka, akagonga mhuri wa kukataa.

Dada aliitazama fomu, kisha akamtazama yeye.

"Umewahi mno," alimwambia. "Mhuri unapaswa kuanguka kwenye noti ya tisa. Jumatatu ujirekebishe."