Gego Lisilo na Hatia

Mke wangu hutengeneza meno bandia, kwa hiyo nyumbani kwetu ugonjwa wowote huanzia mdomoni. Kichwa kikiniuma, ni jino. Nikikosa usingizi, ni jino. Hata wiki ile mafua makali yaliponilaza kitandani, mwili unawaka na viungo vyote vinalia, alikuja na tochi akaniambia nipanue mdomo. Mgonjwa haulizwi uji, nikapanua.

Mafua yaliondoka, nikarudi kwenye kazi yangu ya kupaka rangi nyumba za watu. Ndipo taya la kushoto likaanza kuniuma. Maumivu yalikuja nikipanda ngazi na ndoo, yakatulia nikiketi. Nilipomweleza mke wangu, macho yalimng'aa kama mtu aliyeletewa zawadi. Akanigonga meno kwa mpini wa kijiko, moja baada ya jingine, na halikuuma hata moja. Lakini kule nyuma aliona gego lenye tundu, akatangaza kwamba mwizi kapatikana. Nikamwambia gego hilo halijanisumbua. Hakunisikia. Alichukua umbo la kinywa changu kwa kuning'atisha plasta laini, akaanza kuniundia gego jipya kabla la zamani halijang'olewa.

Kesho yake asubuhi akanipeleka kwa daktari wa meno, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye chumba chake cha matibabu kiko ghorofani, juu ya karakana ambamo mke wangu hutengenezea meno. Zile ngazi chache zilinitoa jasho, shati likalowa. Nilipoketi kwenye kiti, mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Mke wangu akanitania kwamba jitu zima linaogopa sindano, nami nikacheka, maana nilidhani ni kweli.

Daktari alishika sindano ya ganzi, kisha akanitazama usoni. Akauliza kama taya linauma nikitafuna. Nikasema hapana, nikipanda ngazi tu. Akauliza kama niliumwa karibuni. Mke wangu akanijibia: mafua tu, wiki iliyopita, na yameisha. Daktari akaiweka sindano chini.

"Shemeji, hili si jino. Huu ni moyo. Usisimame."

Mwili ulikufa ganzi bila sindano. Moyo gani, na mimi nimekuja kung'olewa gego? Nilimgeukia mke wangu nikitaka acheke, lakini alikuwa ameshika ukuta. Daktari alikuwa tayari anaita gari la wagonjwa.

Hospitalini walikuta mshipa mmoja wa moyo umeziba, wakauzibua. Daktari wa moyo alinieleza kwamba mwili ukipigana na virusi vya mafua, mishipa huvimba kwa ndani na damu huganda kwa urahisi, na hatari hiyo hubaki hata homa ikishashuka, hasa kwa mwenye presha kama mimi. Nilimsikiliza nimeduwaa. Mafua, kitu ninachokifuta kwa leso, yalikuwa yanataka kuniua.

Jioni mke wangu aliruhusiwa kuingia, bado kavaa aproni ya karakana. Alitia mkono mfukoni kutafuta leso ya machozi, likatoka gego. Lilikuwa limesuguliwa vizuri, rangi ileile ya meno yangu. Tulilitazama wote wawili.

"Baba watoto," akasema, "nilikuwa nimejiandaa kukushika kichwa wakikung'oa."

Nilimshika mkono, nikauweka kifuani pangu, mahali ambapo hakuwahi kunigonga kutafuta ugonjwa.