Tupite Kwanza Nyumbani

Evelyne alimtembeza mama yake Bukoba nzima isipokuwa pale anapoishi.

Bi Benigna alikuwa ametoka kijijini Buganguzi asubuhi ile, aje apumzike kidogo baada ya mavuno ya kahawa, na kwenye simu binti yake alishamwahidi nyumba yenye sebule na chumba cha wageni. Uongo mtupu. Evelyne na mumewe Rwekaza walipanga chumba kimoja Kashai, kitanda upande huu wa pazia, jiko upande ule. Na kwa Wahaya, mama mkwe na mkwewe kulala chumba kimoja ni jambo lisilosemwa hata kwa utani.

"Mwambie ukweli," Rwekaza alimsihi. "Mimi nitalala kwa rafiki yangu Kamala. Mama hakuja kuhesabu vyumba."

Evelyne hakutaka kusikia. Rafiki yake Nasma, mwenye nyumba nzuri Miembeni, alikuwa anasafiri na meli ya jioni kwenda Mwanza, na alikubali kumwachia ufunguo. Kilichobaki ni kumzungusha mama mpaka Nasma aondoke.

Wakaanza na kanisa kuu. Bi Benigna akasali, akapigwa picha. Wakaingia sokoni, kisha mgahawani, chai ya maziwa kikombe juu ya kikombe.

"Sasa tupite kwanza nyumbani," mama alisema.

"Nyumbani tutafika tu, Mama. Hujaona ziwa."

"Na kule ni wapi?" Mama alinyoosha kidole kwenye barabara iliyojaa bodaboda na maduka madogo.

"Kule Kashai. Hakuna cha kuona."

Alilisema hilo bila kupepesa macho, mtu aliyeacha nguo zake kwenye kamba huko huko.

Ufukweni, Evelyne alionyesha kisiwa cha Musira kama vile yeye ndiye aliyekiweka. Mama alikitazama mara moja tu. Alikuwa amekaa ukingoni, magoti ameyabana, soda ameikataa.

"Evelyne, waitu, tupite kwanza nyumbani," mama alisihi kwa upole.

Binti mwenye akili zake angeelewa. Mama wa umri ule, aliyefundwa na masista, hatangazi haja zake mbele za watu, na kwa kuwa aliamini nyumba ya mwanawe iko hapo mbele, aliona heri ajikaze. Lakini akili ya Evelyne ilikuwa kwenye simu, na ujumbe wa Nasma ulisema meli imechelewa, yeye bado yuko nyumbani.

"Tukaone ndege ikiruka," Evelyne akasema. "Buganguzi utawasimulia nini?"

Mama alinyanyuka polepole, akamfuata.

Kwenye uzio wa uwanja wa ndege walikuwapo watu wengine, na ndege ilipoanza kunguruma wote waliinua macho. Evelyne aliinua simu ampige mama picha. Ndipo akaona kwenye kioo cha simu kwamba mama haangalii ndege. Alikuwa anaangalia miguu yake na machozi yanamtoka. Gauni la kitenge, lile la Jumapili, lilikuwa limelowa mpaka chini, na viatu vimejaa.

Wasichana wawili wa shule waligeuza nyuso. Adabu yao ilimchoma Evelyne kuliko kama wangecheka. Akavua khanga yake, akamfunga mama kiunoni, na dereva wa bajaji alipouliza wanakwenda wapi, mdomo ulijibu wenyewe: Kashai.

Rwekaza alikuwa chumbani. Alipomwona mama mkwe aligeukia ukuta papo hapo kwa heshima, akasalimia kwa Kihaya, "Shumalamu, waitu," bila kumtazama, akapita na ndoo kwenda kuchota maji. Alipoileta aliiweka nje ya mlango na kuondoka.

Bi Benigna alikataa kukaa kitandani asije akakichafua. Alisimama kati ya pazia na jiko, akishika khanga kwa mikono yote miwili. Hakuuliza sebule iko wapi. Evelyne alipiga magoti kumvua viatu, kichwa chini, uso unawaka. Mkono wa mama ukamgusa begani.

"Nisamehe, mwanangu," Bi Benigna alisema kwa sauti ndogo. "Umenitembeza vizuri, na mimi nimekuaibisha mbele ya watu wako."