Kamba ya Bibi Harusi

Asubuhi aliyorudi kazini, Brightness alijiona akikamatwa na watu wasiomjua, chai ikiwa bado mkononi. Alikuwa amefungua gemu yao kwenye simu, kama mwenye shamba anavyopita kuangalia migomba yake baada ya safari, hana hili wala lile. Akaona mwanamke mwenye shela anakimbia kwenye mteremko wa mlima, gauni amelikusanya kwa mkono wa kushoto, miguuni ana ndala za saluni. Nyuma yake kundi la wachezaji wenye marungu. Mmoja akarusha kamba, ikamnasa kiunoni. Yule mwanamke akasimama, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Niacheni kwanza nipumue."

Brightness akaiweka chai mezani. Maneno hayo aliyasema yeye, miaka saba iliyopita, ndani ya choo cha saluni moja kule Usa River, mlango ameufunga kwa ndani, mashangazi wanagonga, gari la maharusi linapiga honi nje. Akayasema tena pale kaka yake Fanuel alipoitwa aje auvunje mlango. Muda si muda alikuwa ametoka kwa dirisha, yuko juu ya bodaboda, shela inapepea, anaelekea Olmotonyi kwa rafiki yake aliyekuwa anasoma chuo cha misitu.

Tusirukie mambo lakini. Gemu yenyewe inaitwa Vijiji Viwili, na wanaoicheza wako kila mahali, kuanzia Ngaramtoni hadi Dar, kila mtu na simu yake, wote ndani ya mlima mmoja kwa wakati mmoja. Kijiji cha juu kinapigana na kijiji cha chini. Wanaoitengeneza ni ndugu wawili wa tumbo moja, ofisi yao chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi pale Sakina. Fanuel, mkubwa, ndiye mwenye hadithi: nani ni nani, wanagombania nini, nani atasema neno gani. Brightness ndiye mwenye mapigano: rungu lina uzito gani, aliyepigwa anayumba kiasi gani, anayekimbia anachoka lini. Watu hudhani kazi hii ya pili ni ya kihuni kuliko ile ya kwanza. Waache watengeneze pigo moja tu ambalo mchezaji wa Mwanza na wa Tanga wote wataliona la haki, ndipo watashika adabu.

Hadi Brightness alipokwenda Moshi kumuuguza mama yao aliyepasuliwa goti hospitalini huko, kilichogombewa na vijiji kilikuwa fahali. Unamtia kamba, unamvuta hadi zizini kwenu, wenzako wanakulinda njiani. Kamba ile ndiyo ilikuwa fahari ya Brightness. Alihangaika nayo masika yote. Mnyama akishanaswa hapigi, hajifungui, anafuata. Ukivuta sana anakuelemea, ukilegeza anabaki nyuma, na wachezaji walisema wanaisikia kamba viganjani. Fanuel hakugusa hata uzi mmoja wa kamba hiyo. Alichofanya ni kumtoa fahali na kumweka mwanamke.

"Kaka, huyu ni nani?" Brightness aliuliza, Fanuel alipoingia ofisini na mfuko wa maandazi.

Fanuel aliiangalia simu, akakaa. "Ni bibi harusi tu, Bright. Katoroka harusi yake, vijiji vinalaumiana, vita vinaanza. Watu walishachoka na ng'ombe. Tangu nimweke huyu, wachezaji wamefurika."

"Amevaa ndala."

"Ndala ni ndala."

"Anasema niacheni kwanza nipumue."

Hapo Fanuel hakubisha, na tumpe haki yake kwa hilo. Alifungua mfuko wa maandazi, akaufunga tena. "Siku ile pale mlangoni, uliposema vile, maneno yale hayakunitoka tena kichwani. Nimeandika mengi, mdogo wangu. Sijawahi kuandika kitu cha kweli kama hicho."

"Si chako."

"Najua."

"Basi mtoe."

"Siwezi. Hadithi yote imesimama juu yake sasa. Nikimtoa, gemu imekufa."

Kikulacho ki nguoni mwako. Aliyesema hivyo alikuwa na kaka. Brightness alichukua mkoba wake, akashuka ngazi, akaenda zake Kwa Mrombo, alikokuwa akiishi na mama yao, na wiki ile nzima hakukanyaga Sakina.

Lakini kuiacha gemu hakuweza. Alijificha chumbani akiifungua, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Kila pambano lilikwisha vilevile. Kijiji kimoja kilishinda, bibi harusi akavutwa hadi nyumba ya mume kijijini humo, mlango ukafungwa nyuma yake, vigelegele. Kisha pambano jipya, na mwanamke yuleyule yuko tena mteremkoni, anakimbia. Wachezaji waliandikiana kwa furaha: leo tumemrudisha mara nne. Mwingine: mshike mapema kabla hajaingia msituni, huwa anajidai. Watu hawa hawakuwa na ubaya naye. Wangemjua wangemsalimia. Na kilichomnyima usingizi zaidi ni kwamba kamba ilikuwa yake. Aliisuka mwenyewe, akahakikisha aliyenaswa hawezi kujitoa hata afanyeje, kwa sababu fahali anayejitoa angeharibu mchezo.

Siku moja alikwenda sokoni kununua nyanya. Muuzaji, dada mmoja mchangamfu, alikuwa ameinamia simu, na kutoka kwenye simu ile Brightness akasikia maneno yake mwenyewe. Dada akacheka peke yake. "Huyu naye, si akubali tu yaishe," alisema, akampimia nyanya. Brightness alilipa, akaondoka bila kudai chenji.

Mnajua kwa nini neno lile lilimchoma hivyo? Kwa sababu Aminiel, yule bwana harusi wa Makumira, hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililowachosha watu. Angekuwa mlevi, au ana mwanamke mwingine, lingeeleweka. Alikuwa kijana mpole, msharika mzuri, na siku ile asubuhi, akiwekwa shela kichwani, Brightness alijisikia kama mtu anayefungiwa hewa. Hana zaidi ya hapo. Miaka saba amejieleza kwa mchungaji, kwa mashangazi, kwa kamati iliyokuwa imeshashona sare, na maelezo yake hayajawahi kumridhisha mtu. Mambo yale ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kusahaulika.

Mama alishajua kuna jambo. Goti lilikuwa linamuuma bado, lakini masikio hayakuwa na tatizo. Jumapili, baada ya ibada, aliwasha jiko mapema mno kwa watu wawili, akaweka ndizi nyingi mno na nyama ya kutosha ukoo. Brightness akaelewa kwamba kuna wageni, na kwamba yeye hakuulizwa.

Walikuja wawili. Mjomba Reginald, kaka yake mama, alikuwa amepanda basi kutoka Marangu alfajiri. Nyuma yake Fanuel, ameshika jani la isale kwa mikono miwili.

Kwa Wachaga jani hilo si mapambo. Linapandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo, na mtu aliyekukosea akikuletea, amekuvulia kila kitu. Ukilipokea, jambo limekwisha, hulitaji tena mpaka unaingia kaburini. Na kulikataa? Watu husema anayekataa isale amejitafutia laana yake mwenyewe. Tena huyu aliyelishika ni kaka mkubwa, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekalia kiti cha baba. Mkubwa ameinama mbele ya mdogo. Ukoo mzima ungeulizana, Brightness anataka nini zaidi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Mjomba Reginald alisubiri wote watulie. "Kaka yako amenieleza. Mambo ya hizo simu zenu siyaelewi, lakini nimeelewa kwamba amekuvua nguo mbele ya watu. Amekosa, anajua amekosa. Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndiyo maana tumekuja na hiki."

Fanuel alikuwa amepiga goti kwenye zulia. Macho yalikuwa mekundu, na si ya kuigiza. Brightness alimjua tangu wakilala kitanda kimoja. Alimpenda.

"Mjomba, nikipokea, kaka atamtoa yule mwanamke?"

Fanuel akaangalia chini. Mjomba akatikisa kichwa taratibu. "Isale haiwekewi masharti, mwanangu. Ukiiwekea masharti inakuwa biashara."

"Kwa hiyo anaendelea kukamatwa, na mimi nisiseme."

"Unasamehe. Kusamehe ndiko huko."

Brightness akamgeukia mama yake, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kugeukia. Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, ameegemea fimbo yake ya hospitali. Alizungumza bila ukali.

"Mimi nililipeleka Makumira, Bright. Wiki ile ile ulipokimbia. Nilisimama nje ya geti lao na jani mkononi, ndugu zao wote wananiangalia, chakula cha harusi kimeoza uani. Walikuwa na haki ya kunifukuza. Mama yake Aminiel alitoka akalipokea, hakuniuliza hata swali moja. Ndiyo maana wewe leo unapita Usa River bila mtu kukunyooshea kidole."

Brightness hakuwahi kuambiwa hili. Alikaa pale akiwa na hasira ya haki kabisa na hana pa kuitua. Angelikataaje jani, wakati yeye mwenyewe alikuwa anaishi kwa jani la aina hiyohiyo? Akanyoosha mikono, akalipokea. Fanuel akalia kwa sauti, mjomba akasema Bwana asifiwe, mama akarudi jikoni kupakua.

Walikula vizuri. Mjomba alihadithia vituko vya basi. Wakati wa kuondoka Fanuel alimkumbatia dada yake mlangoni, mwepesi kama mtu aliyetua gunia. "Kesho basi tuonane kazini. Halafu kuna kitu wachezaji wanalalamikia, bibi harusi anakamatwa upesi mno. Mwongezee mbio kidogo."

Kidogo, alisema.

Jumatatu Brightness alifika Sakina, akamsalimia kaka yake, akaketi. Hadithi hakuigusa. Hakufuta neno, hakubadilisha gauni, hata zile ndala aliziacha. Hadithi ilikuwa ya Fanuel na ilikuwa imesamehewa. Mbio zilikuwa zake. Akamwongezea mwanamke mbio, akamwongezea pumzi isiyokwisha, kisha akaishika ile kamba aliyoihangaikia masika yote na kuilegeza fundo, ili ikimgusa mtu mwenye shela ianguke chini. Akatuma toleo jipya kwa wachezaji kabla ya chakula cha mchana, akaaga kwamba anawahi kumpeleka mama kliniki.

Jioni simu yake haikutulia. Vijiji vyote viwili vilikuwa vikimkimbiza bibi harusi na hakuna aliyemkaribia. Pambano halikwishi. Wachezaji walitukana, wakadai gemu imeharibika, wakaapa kwamba kuna anayeiba. Kisha Fanuel akapiga.

"Bright, umefanya nini?"

"Umesema nimwongezee mbio."

"Nilisema kidogo. Hakuna anayeshinda sasa. Unataka kuiua gemu?" Alianza kupandisha sauti, halafu akaikata mwenyewe katikati. Brightness alimsikia akihema. Aliyetoa isale naye hana mdomo. Hawezi kuja kugombana juu ya jambo alilolipigia magoti jana. "Haya," alisema mwishowe, kwa upole wa kulazimishwa. "Haya, tutaongea."

Kwa mara ya kwanza tangu atoke Moshi, Brightness alicheka. Akaketi sebuleni, akafungua gemu aitazame kazi yake. Alimwona bibi harusi akipita kwenye migomba, akaingia msituni, kamba zikimgusa na kudondoka, kundi nyuma linapungua. Mama akaja na vikombe viwili vya chai, akaketi kwa taabu, akainyoosha miguu. Akatazama naye. Goti lilimuuma, alipumua kwa mdomo.

"Hawamshiki?" aliuliza.

"Hawamshiki tena, mama."

"Afadhali." Mama akanywa chai. "Sasa anakimbilia wapi?"

Brightness akafungua kinywa kumjibu. Swali la kwa nini alikimbia aliulizwa na watu wote, hata na wasiomhusu, mpaka majibu akayakariri. Hili jipya. Alilitafutia jibu kwenye ule mlima: kijiji cha juu chenye nyumba ya mume, kijiji cha chini chenye nyumba nyingine ya mume, katikati njia za kukimbilia. Akajitafutia na yeye, katika miaka saba ya chumba kimoja nyumbani kwa mama.

"Sijui," alisema.

Wachezaji wa mwisho walikuwa wamekata tamaa, wamerudi chini kusubiri. Bibi harusi aliupita msitu, akapanda kwenye majivu na mawe, peke yake, gauni mkononi, akafika kileleni mahali ambapo ramani inakwisha. Kule hapakuwa na kitu. Fanuel hakupaandika na Brightness hakupajenga. Mwanamke akasimama kidogo ukingoni, akageuka, akaanza kukimbia kushuka kule kule walikokuwa wanamsubiri.